Tabaka la Chini Lionekane Wapi: Hotuba kuhusu Kolaji ya Vitambaa na Karatasi Zilizopakwa Rangi

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, walimu wenzangu wa sanaa, na ninyi vijana mliojipanga safu ya nyuma kana kwamba gundi huruka: shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Nashukuru kwa kuitwa. Nashukuru pia kwa meza hizi ndefu zilizotandikwa nailoni, kwa sababu nimewahi kualikwa kusema habari za kolaji katika ukumbi wenye zulia jeupe, na nusu ya saa yangu ikaisha nikiangalia miguu ya watu.

Ubao niliousimamisha hapa mbele una upana wa sentimita 40 na urefu wa sentimita 60. Mlio mbali mnaona ukuta wa nyumba ya zamani ya mjini, chokaa imebanduka sehemu ya chini, na dirisha moja limefungwa. Atakayesogea karibu ataona mambo mengine. Chokaa ni kitambaa cha merikani kilichopakwa buluu kwanza na nyeupe baadaye. Kivuli kilicho chini ya dirisha ni karatasi ya mfuko wa saruji. Mbao za dirisha ni gazeti lililopakwa rangi ya kahawia mpaka habari zake zikazama. Na pale chokaa ilipobanduka zinachungulia herufi tatu za kanga, t, a na m, ambazo hazitoshi kuwa neno. Mahali pengine kuna matabaka saba, mahali pengine manne tu. Kazi ya namna hii ndiyo niliyoombwa niieleze: picha inayojengwa kwa kubandika, tabaka juu ya tabaka, vipande vya kitambaa na karatasi ambavyo msanii mwenyewe amevipaka rangi kabla ya kuvikata.

Nitasema jambo moja, na mengine yote yatakuwa maelezo yake. Kubandika hakuhitaji mwalimu; mtoto wa darasa la pili anabandika. Linalohitaji miaka ni kuamua kipi kifunikwe, kifunikwe kwa kiasi gani, na tabaka la chini lipewe nafasi ya kuonekana wapi. Picha ambayo kila tabaka limelifunika kabisa lile lililo chini yake ingeweza kuchorwa kwa brashi siku moja, na ingekuwa nyepesi zaidi kubeba. Picha ambayo hakuna kilichofunikwa ni duka la vitambaa.

Nianze na kanga, kwa kuwa ndiyo iliyotufundisha kuficha. Kila kanga ina pindo, ina mji, yaani eneo la katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyopigwa chapa chini ya mji. Maneno hayo tangu dukani ni fumbo: anayeyavaa hajasema na mtu, na anayesemwa anajijua. Sasa chukua kanga kuukuu iliyoandikwa "Japo sipati tamaa sikati", ibandike ubaoni, kisha pitisha juu yake karatasi iliyopakwa rangi ya udongo, ifunike neno la kwanza na neno la mwisho. Kinachobaki ni "sipati tamaa", na mwanamke aliyekuwa akijipa moyo amekuwa mtu asiyetamani kitu. Hatukuongeza hata herufi moja. Ukifunika vinginevyo, ukaacha "tamaa sikati" peke yake, amerudi yule wa kwanza tena akiwa mkaidi zaidi, maana sasa hata hakubali kwamba hapati. Ukiacha herufi tatu kama zile za ubao wangu, atakayejua kanga atalitafuta neno mwenyewe, na kulitafuta huko ndiko kunakomfanya asimame mbele ya picha dakika mbili badala ya sekunde mbili.

Wanafunzi wangu wengi wakipewa kanga huibandika nzima, jina likisomeka lote na mji ukiwa katikati kama ulivyotoka kiwandani. Mtazamaji husoma, hutabasamu, huondoka. Amesoma kanga, hajaona picha. Isitoshe, kanga ina rangi zenye sauti kubwa, na mbili zikiwekwa bega kwa bega hugombana, kila moja ikitaka kusikilizwa yenyewe. Hapo ndipo rangi ya mkono inapoingia. Kijiko kimoja cha rangi ya akriliki kikorogwe katika vijiko vitano au sita vya maji, kipitishwe kwa brashi pana juu ya kanga zote mbili; chapa zake zitaendelea kuonekana, lakini zitaonekana kupitia maji yale yale, na ugomvi utapungua. Mimi hupenda kutumia manjano chafu, ile inayopatikana ukichanganya manjano na tone la zambarau, kwa sababu hufanya kitambaa kipya kionekane kimeshaishi na watu.

Kitambaa ninachokipaka zaidi, hata hivyo, ni merikani. Wengi hapa mnaijua kama kitambaa cha bei nafuu, cha rangi ya maziwa yaliyochacha, cha kushonea mifuko na bitana. Jina lake limebeba safari yake. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Unguja katika karne ya 19, na baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani biashara hiyo ilishamiri hadi jina la nchi likawa jina la nguo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko mwaka 1861 na pamba ikaadimika, viwanda vya kwingine, baadaye hasa vya Bombay, vilichukua nafasi, lakini huku pwani hakuna aliyejisumbua kubadili jina kwa ajili ya vita vya watu.

Merikani ya dukani imejaa kanji. Usipoifua kwa maji ya moto na sabuni, rangi itakaa juu yake kama maji juu ya jani la mgomba, na hata ile itakayoingia itaingia kwa mabaka. Kuifua kuna faida ya pili: pamba husinyaa, na ni heri isinyae kwenye beseni kuliko isinyae ubaoni ikiwa imeshalowa gundi, ikavuta karatasi zote zilizo jirani yake na kuzikunja. Baada ya kufua, mimi siipigi pasi yote. Sehemu moja huinyoosha, sehemu nyingine huifinyanga mkononi kama mtu anayekamua tui, kisha huiacha na mikunjo yake na kuipaka rangi ya majimaji. Rangi hutelemka na kutuama katika mikunjo. Kitambaa kikikauka na kunyooshwa, mistari ile hubaki, na hakuna brashi inayoweza kuichora kwa namna ile. Ndiyo nyufa mnazoziona kwenye ukuta wangu.

Kuna njia nyingine ya kupaka merikani ambayo ningependa muijaribu leo mchana jua likiwa kali, na naomba mnivumilie niieleze polepole. Lowesha kitambaa, kitandaze juu ya ubao uliofunikwa nailoni, kipake rangi nyembamba ya buluu au kijani hadi kilowe chote. Kikiwa bado kinameremeta, panga juu yake majani mabichi. Ya mwarobaini yanafaa, ya mpapai yanafaa zaidi kwa sababu ya vidole vyake. Yabonyeze yalale bapa, weka vijiwe vidogo mahali yanapoinuka, kisha sogeza ubao juani pasipo na upepo. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo kitambaa kitakuwa kimekauka. Ukiinua jani utakuta sura yake imebaki hafifu, na pembezoni mwake rangi imekolea. Watu hudhani jua limeichoma rangi pale lilipofika na kuiacha pale palipokuwa na kivuli. Kinachofanya kazi ni ukaukaji wenyewe. Sehemu iliyo wazi hukauka kwanza, na kitambaa kikavu huvuta maji kutoka kwenye kitambaa kibichi kilicho chini ya jani. Maji yanapohama huondoka na rangi. Jani limefunika, na kile lilichokifunika ndicho kilichobaki cheupe. Kolaji imekwisha kuanza na mkasi haujashikwa.

Kuhusu mkasi, fundi cherehani wa mtaani kwako anajua zaidi yangu. Muulize tofauti ya mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na zile zinazozipita kwa upana, na kwa nini kola hukatwa hanamu, yaani kwa mshazari. Kitambaa kikichanwa kwa kufuata uzi hutoa nyuzi pembeni, na nyuzi hizo ni mali: zikipakwa gundi na kulazwa upande mmoja huwa nyasi, mvua, au nywele za mzee. Kikikatwa hanamu hakitoi nyuzi na hukubali kupinda, kwa hiyo ukitaka ukingo wa chungu au bega la mtu, kata hanamu. Ndugu zetu wa Uganda wana kitambaa kisichojua mtande wala mshindio, kile cha gome la mti wa mutuba, kinachopigwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo mpaka gome linapanuka na kulainika. UNESCO ilitangaza ufundi huo wa kutengeneza lubugo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Kwa sisi wabandikaji ni zawadi, kwani hakichanui nyuzi kikatwapo vyovyote, na wekundu wake wa udongo hautaki rangi nyingi juu yake. Mimi hukipitishia chaki au nyeupe kavu kidogo tu, na mara nyingi hujuta hata hicho kidogo.

Kila ninapozungumza, mtu mmoja huuliza kama kolaji si mambo ya Ulaya. Ni kweli kwamba mwaka 1912, mjini Paris, Pablo Picasso alibandika kwenye picha kipande cha kitambaa cha mezani kilichotiwa mafuta, ambacho kiwanda kilikuwa kimekipiga chapa ya ususi wa kiti, akapaka rangi ya mafuta hadi juu ya kitambaa hicho, kisha akaizungushia picha yote kamba halisi badala ya fremu. Mwaka huohuo Georges Braque alitumia karatasi za kupambia ukuta zenye sura ya mbao. Heshima yao wapewe. Lakini anayesema kwamba hapa hatukujua kuunganisha kipande na kipande hajavaa kiraka. Bibi yangu alikuwa akichagua kiraka kwa makini kuliko alivyochagua nguo yenyewe, na alikuwa na viraka vya aina mbili: cha kujificha, kilichofanana na nguo, na cha kujionyesha, kilichowekwa makusudi ili watu waone kwamba nguo hii ina mwenyewe.

Katika Afrika Mashariki, mtu ninayewaambia wanafunzi wamtazame kwanza ni Rosemary Karuga. Alizaliwa Meru mwaka 1928, akasoma Makerere kuanzia mwaka 1950 hadi 1952, na anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuhitimu sanaa chuoni hapo. Baada ya hapo alifundisha shule kwa miaka mingi, na jina lake halikusikika. Aliporudi kwenye sanaa katika miaka ya 1980, vifaa vilikuwa ghali, naye akachukua vilivyokuwa jikoni: maganda ya sabuni, mifuko ya unga, kurasa za magazeti. Akavikata na kuvichana vipande vidogo, akajenga wanyama, ndege na maisha ya kijijini. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika Studio Museum in Harlem, New York. Alifariki mwaka 2021.

Nimesimama hapa nikiwahimiza mpake rangi karatasi zenu, na mwalimu wangu mkubwa hakupaka. Nimelifikiria sana jambo hili. Nadhani tofauti ni ya njia, kwa kuwa tatizo lilikuwa moja: ganda la sabuni hutangaza sabuni, na msanii hataki kutangaza sabuni. Mimi hulinyamazisha kwa brashi. Yeye alilinyamazisha kwa udogo wa kipande. Ganda likiwa bado zima, jicho linasoma. Likigawanywa vipande vya ukubwa wa ukucha, herufi zinakuwa vidoa, na kinachobaki ni ule wekundu au ile buluu aliyoilipia mwenye kiwanda. Njia yake ni ngumu kuliko yangu, inataka subira ambayo sina, na picha zake hazina unyevunyevu wa rangi ambao mimi siwezi kuishi bila huo. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, amekwenda njia ya kati: vipande vya majarida na michoro ya vitabu vya tiba ameviacha vitambulikane, huku wino na rangi vikitiririka katikati yake, hadi huna hakika kama unatazama ngozi, ugonjwa au pambo.

Sasa naomba kila aliyepewa kipande cha gazeti mlangoni akishike kwa mikono miwili. Kichaneni kutoka juu kwenda chini. Vizuri. Sasa chaneni kilichobaki kutoka kushoto kwenda kulia. Mmeona kwamba mara ya kwanza kimechanika kwa mstari ulionyooka, na mara ya pili kimekwenda kama njia ya ng'ombe. Nyuzinyuzi za karatasi hulala kuelekea upande mmoja, upande ambao mashine ya kiwandani ilikuwa ikienda, na karatasi ikilowa nyuzinyuzi hizo hunenepa sana lakini hurefuka kidogo tu. Ndiyo sababu karatasi uliyoipaka gundi hutanuka upande mmoja, na ikikauka hurudi na kuuvuta ubao. Mwanafunzi huja asubuhi, akakuta kazi yake imejikunja kama chapati ya jana, akasema gundi ni mbaya. Gundi haina kosa. Matabaka yote aliyalaza upande mmoja, yakavuta pamoja. Pishanisha pande, na ukimaliza mbele bandika karatasi mbili za mfuko wa saruji nyuma ya ubao, ili nyuma kuvute kama mbele. Karatasi ya saruji ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ina nyuzinyuzi ndefu, hailegei ikilowa, na ukiikunjakunja na kuipitishia rangi nyeupe karibu kavu, kila kunjo hujitokeza kama mshipa wa mkono wa mzee. Kung'uteni vumbi lote nje kwanza, na mfunike pua.

Gazeti lenyewe litumieni kwa tahadhari. Limetengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na ligini yake, yaani ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzinyuzi za mti, na ligini ikikutana na mwanga hugeuka manjano, kisha kahawia, kisha karatasi inakuwa kavu na kumeguka. Likipakwa rangi nzito pande zote mbili hudumu zaidi, lakini lisiwe ndilo tabaka ambalo uzuri wa picha unalitegemea.

Juu ya gundi nina aibu ya kusimulia. Mwaka wa pili wa kazi yangu niliuza picha kubwa kwa nyumba moja ya wageni huko pwani, kolaji ya jahazi, yote ikiwa imebandikwa kwa uji wa unga wa ngano niliouchemsha mwenyewe, kwa sababu ulikuwa rahisi na mikono iliuzoea. Baada ya miezi tisa nikapigiwa simu. Nilipofika nilikuta mende wameila picha kuanzia pembe zote nne, wakifuata uji popote nilipoupaka kwa wingi. Mwenye nyumba alikuwa mstaarabu; alinipa chai kabla ya kunionyesha. Nilirudisha fedha na kuibeba picha nyumbani, nikaisimamisha ukutani ili inisute. Ikanisuta wiki mbili. Wiki ya tatu nikaanza kuona kwamba pembe ya kushoto chini, ambako mende walikuwa wametafuna tabaka la juu na kuacha visiwa vyake juu ya buluu ya chini, ilikuwa bora kuliko lolote nililolifanya mimi katika picha ile. Wadudu walikuwa wameamua kipi kionekane, na waliamua vizuri kunishinda.

Tangu hapo nina msasa kwenye meza yangu. Ninabandika karatasi iliyopakwa rangi, juu yake nyingine ya rangi tofauti, na juu yake ya tatu. Zikikauka kabisa, nasugua kwa msasa mkononi mahali ambapo nyumba ya kweli ingechakaa: chini ya dirisha, kwenye kona, palipoegemewa baiskeli. Karatasi huliwa taratibu na rangi za chini hujitokeza zikiwa na ukingo laini ambao mkasi hauwezi kuutoa. Mmeuona chini ya dirisha langu. Kitambaa hakipendi msasa, huota manyoya, kwa hiyo chenyewe hufunuliwa kwa njia nyingine: bandika karatasi juu yake, na gundi ikiwa imeshika nusu, ibandue ghafla. Itaondoka na sehemu na kubakisha sehemu. Huwezi kuitawala sana, na asiyependa bahati asiifanye.

Uji wa ngano sikuuacha kabisa, ila siku hizi ni kwa mazoezi ya darasani. Mafundi wa zamani wa kujalidi vitabu walitia mrututu au shabu ndani yake ili wadudu wasile. Mrututu ni sumu na sitaki uwe mikononi mwa watoto, nayo shabu ina uchachu unaoila karatasi polepole. Kwa kazi ya kuuza tumieni gundi nyeupe ya maseremala, ile inayokauka na kuwa angavu. Kwa karatasi ipunguzeni kwa maji kidogo, kwa kitambaa iacheni nzito. Pakeni ubao na pakeni kipande, pande zote mbili za makutano, kisha sukumeni hewa kutoka katikati kwenda nje kwa kadi ya plastiki. Asiyepaka ubao hupata malengelenge, na lengelenge likishakauka halina dawa isipokuwa kulichana na kudai kwamba ulikusudia.

Subira ya kukauka ndiyo inayowashinda wengi. Tabaka linalofuata lingoje lililotangulia, na pwani, masika, kungoja huko ni usiku kucha. Zaidi ya hayo, akriliki hata ikiwa kavu hunata na akriliki mwenzake ikigandamizwa katika joto na unyevu. Nimewahi kupanga karatasi zangu zilizopakwa rangi, kazi ya mwezi mzima, zikitazamana uso kwa uso ndani ya sanduku, nikazikuta zimekuwa kitu kimoja, nene kama kitabu. Tenganisheni kwa nailoni. Na kabla ya gundi yoyote, shikizeni vipande kwa pini na mvitazame siku mbili tatu. Henri Matisse, ambaye baada ya operesheni ya mwaka 1941 alifanya kazi akiwa kitandani na kwenye kiti cha magurudumu, alikuwa na wasaidizi waliompakia karatasi rangi. Yeye alikata, na vipande vikashikizwa ukutani kwa pini, vikahamishwa na kuhamishwa tena mpaka alipotosheka. Pini ni rafiki wa mtu asiye na uhakika, na asiye na uhakika ndiye ninayependa kumfundisha.

Wala gundi si njia pekee. Faith Ringgold wa New York alipaka rangi vitambaa na kuviunganisha kwa kushona. Kazi yake ya kwanza ya aina hiyo, mwaka 1980, aliifanya pamoja na mama yake, Willi Posey, aliyekuwa fundi na mbunifu wa mavazi. Nawataja kwa ajili ya wale waliotoka vyuo vya ushonaji wakidhani wamekuja ukumbi usio wao. Mshono una faida moja juu ya gundi: tabaka lililoshonwa upande mmoja tu linaweza kuinuliwa kama pazia.

Nimeulizwa asubuhi kuhusu picha za watu, kwa hiyo niseme kidogo. Picha iliyotolewa kwenye mashine ya leza haivuji rangi ikilowa. Ile ya printa ya wino wa maji huvuja. Paka gundi nyeupe juu ya uso wa picha ya leza, ilaze kifudifudi juu ya kitambaa kilichopakwa rangi, iache ikauke kabisa, kisha lowesha mgongo wake na usugue karatasi kwa ncha za vidole mpaka itoke. Sura itabaki kwenye kitambaa, imegeuka kushoto kulia, na rangi ya kitambaa itaonekana kupitia uso wa mtu. Ikikauka utaona ukungu mweupe: ni karatasi iliyosalia, rudia kusugua. Njideka Akunyili Crosby, mzaliwa wa Enugu, Nigeria, mwaka 1983, huhamisha picha kwa kiyeyushi kiitwacho asetoni na kuzitandaza kama zulia kwenye kuta na nguo za watu anaowachora, hata ndani ya chumba kimoja kinajaa jamaa wote waliobaki nyumbani. Sura iliyohamishwa haipaswi kuwa kamili. Sugueni kidogo kupita kiasi, shavu moja lipotee.

Mwisho wa kiufundi: rangi za kanga hupauka juani, hivyo picha isikabili dirisha, na kioo cha fremu kisiguse kitambaa.

Muda wangu umekwisha na mwenyekiti ameshaitazama saa mara mbili. Kwenye kila meza mtakuta ubao wa sentimita 30 kwa 30, merikani iliyofuliwa, karatasi za saruji, rangi tatu, pini, na robo ya kanga iliyokatwa mahali penye jina. Meza hazikupewa jina moja. Naomba kila kundi lisome jina lake kimya kimya, lisiwaambie majirani, na likubaliane kwanza ni herufi zipi zitaachwa wazi. Makundi yatakayokuwa bado yanabishana saa nne yaendelee kubishana. Gundi iko kwenye ndoo ya bluu pale mlangoni, imefunikwa, haitakauka.